Siku ya Kwanza, Chumba cha Sifuri

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na nguo nilikuwa nimezivaa zote.

Nawaandikia nyote watatu, Petro, Makoye na Idrisa, kwa barua moja, kwa sababu karatasi ni za kutafuta na aibu yenyewe ni moja. Atakayeipata kwanza asome, acheke kidogo, ampitishie mwenzake. Ni mimi Masanja, yule yule mliyekuwa mkimwita Profesa kule chuo cha ufundi. (Jina hilo nimelifuta leo. Nitakayemsikia analitumia asinisalimie.)

Mnajua niko hapa Shinyanga, fundi umeme wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Msichojua ni kwamba kiwanda hiki hakiongozwi na meneja. Kinaongozwa na king'ora kilicho juu ya nguzo. Mlio mmoja mrefu maana yake ingia kazini, au nenda ukale, au rudi. Milio mitatu ni kazi imekwisha, nendeni makwenu. Mlio wa kupanda na kushuka usiokoma ni moto, na pamba ikishika moto hakuna wa kuuliza swali. Milio hiyo inajulikana mpaka sokoni. Mama wauza maandazi wanaijua kuliko wanavyomjua balozi wao wa nyumba kumi.

Miaka yote king'ora kimekuwa kikipigwa kwa mkono na Mzee Kasimu. Chini ya nguzo kuna swichi kubwa yenye mpini wa mti, na mpini ule umeng'aa kwa kiganja chake. Saa yake ya mkononi anairekebisha kila asubuhi kwa redio. Hajawahi kuchelewa wala kuwahi. Nasikia mwaka mmoja aliugua malaria akaja kupiga king'ora amejifunga blanketi, akarudi kitandani, akaja tena saa sita.

Sasa, miezi miwili iliyopita likaja sanduku.

Sanduku la kijivu, ukubwa wa redio ya mbao, lina vibonyezo na tarakimu nyekundu zinazowaka. Kazi yake ni kupiga king'ora lenyewe bila mtu. Mikanda ya mashine tunashona kwa kamba, balbu za ofisini tunahamisha chumba hadi chumba, sabuni ya kunawia hatujaiona tangu masika, lakini sanduku la kupiga king'ora likapatikana. Msiniulize lilinunuliwaje. Mimi nililipenda tangu siku ya kwanza. (Hayo maneno "siku ya kwanza" yashikeni, tutayarudia.)

Meneja akaniita. "Masanja," akasema, "tarehe ya sherehe imepangwa. Anakuja mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam. Sanduku likifanya kazi mbele yake, nyumba namba nne ni yako. Na Mzee Kasimu tutampumzisha."

Nyumba namba nne, ndugu zangu. Ya matofali, ina umeme, ina bomba uani. Mimi, Mama Kulwa na wale mapacha wawili tunakaa chumba kimoja cha kupanga, na mbuzi wa mwenye nyumba wanalala upande wa pili wa ukuta ambao si ukuta, ni madebe yaliyonyooshwa. Wanakohoa usiku kucha. Kulwa naye ameanza kukohoa kama wao. Kwa hiyo nilisema, "Nimeelewa, Ndugu Meneja," nikatoka nje nikitabasamu. Sikuuliza Mzee Kasimu anakwenda kupumzikia wapi. Hilo nalisema leo kwa sababu leo nimeshushwa, jana nisingelisema.

Nikapewa kitabu cha maelezo. Kimeandikwa Kiingereza, na aliyekiandika nadhani naye alikuwa bado anakisomea. Nilikaa nacho wiki nzima mimi na Leokadia, karani wa ofisi, ambaye ana kamusi. Nilichoelewa ni hiki. Ndani ya sanduku kuna kumbukumbu yenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma. Kila chumba kina namba yake, na namba hiyo kitabu kinaiita anwani. Unabonyeza anwani, unaandika saa na aina ya mlio, unafunga. Ukishafunga, imekwisha. Umeme ukatike hata siku kumi, sanduku lina betri tumboni, halisahau kitu. Hiyo ndiyo sifa iliyomteka meneja. "Halisahau," alikuwa akisema kila akipita, na mimi namjibu, "Halisahau, Ndugu Meneja."

Sasa sikilizeni sentensi yenyewe. Kwa Kiswahili inakuja hivi: Siku ya kwanza ya juma iwekwe katika anwani ya kwanza, na nyingine zifuate. Halafu chini, kwa herufi za sisimizi: Anwani huhesabiwa kuanzia sifuri.

Hiyo sifuri ilininyima usingizi siku mbili. Anwani ya kwanza ni ile iliyoandikwa moja, au ni ile iliyoandikwa sifuri? Nani duniani anahesabu kuanzia sifuri? Ukiwa na ng'ombe mmoja utasema una ng'ombe sifuri? Nilichora vyumba ukutani kwa chaki, nikafuta, nikachora tena. Jumamosi iliyopita mchana ndipo nikapata. Vyumba ni saba, namba ya mwisho ni sita, kwa hiyo lazima kimoja kiitwe sifuri, na hicho ndicho cha kwanza. Nilipiga meza kwa furaha mpaka wino wa Leokadia ukamwagika.

Wakati huo Mzee Kasimu alikuwa ameingia kuchukua chai yake. Akasimama na kikombe, akatazama vyumba vyangu vya chaki.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. (Nilikuwa na adabu. Hilo mniandikie.)

"Marahaba, mwanangu. Kwa hiyo chumba cha sifuri ndicho cha kwanza."

"Ndicho, mzee. Watu wengi wangekosea hapo."

"Na siku ya kwanza ni ipi?"

Nilicheka. Leo nikikumbuka kile kicheko natamani ardhi ipasuke. "Mzee Kasimu," nikasema, "wewe ni Mswahili wa kuzaliwa, ndiye wa kuniuliza mimi Msukuma? Jumamosi. Mosi ni moja. Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Lugha yenyewe imeshahesabu, sisi kazi yetu kusoma tu."

"Hiyo ni hesabu yetu," akasema. "Na hao waliotengeneza hilo sanduku, nao wanasema mosi?"

"Juma ni juma, mzee. Lina siku saba huku na lina siku saba huko."

Leokadia naye, badala ya kufuta wino wake, akaingilia. "Mbona kanisani kwetu siku ya kwanza ya juma ni Jumapili? Wale wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma, na ilikuwa Jumapili."

"Leokadia, inaitwa Jumapili. Pili. Ingekuwa ya kwanza wangeiita nini?"

"Sijui. Basi padre amekosea?"

"Kamuulize padre. Mimi nashughulika na umeme."

Hata meneja, alipopita dirishani, aliniambia kitu. Alisema, "Masanja, nataka Jumatatu, siku ya kwanza ya juma, kila kitu kiwe tayari." Mnaona? Kwa saa moja niliambiwa siku ya kwanza ni Jumapili, nikaambiwa ni Jumatatu, na mzee akaniuliza swali moja tu lililotakiwa kuulizwa. Na mimi, Profesa, nikabonyeza sifuri nikaweka Jumamosi.

Jumamosi yetu ni nusu siku. Kwa hiyo katika chumba cha sifuri niliandika: saa moja asubuhi, mlio mmoja wa kuingia. Saa sita mchana, milio mitatu ya kwenda nyumbani. Saa sita na nusu, mlio wa moto wa majaribio, dakika tano, maana meneja anataka mlio wa moto ujaribiwe kila juma wakati watu wameshaondoka, ili tusimtishe mtu. Chumba namba moja, Jumapili, nikakiacha kimya. Kuanzia namba mbili ndiyo zikaja siku za kazi: kuingia, kula, kurudi, kutoka. Ya sita ikawa Ijumaa, nikawawekea na mlio wa kwenda kuswali. Saa zote nilizigeuza vizuri, saa sita yetu kuwa kumi na mbili yao. Hapo sikukosea hata moja. (Mnaona ninavyojitetea.)

Mwisho nikaandika tarehe. Siku ya juma sanduku huipigia hesabu lenyewe kutoka kwenye tarehe, huliambii. Nililisifu sana kwa akili hiyo.

Basi, leo Jumatatu.

Nimeamka Mama Kulwa ameshafunga sufuria. Zote. Amezipanga moja ndani ya nyingine, amezifunga na kanga, na mkokoteni wa jirani ameshauomba. Nikamwambia asubiri mpaka jioni. Akasema, "Baba Kulwa, si umesema halisahau?" Nikasema halisahau. Akasema basi na yeye hasahau. Amewaaga majirani, amemuaga mwenye nyumba, nasikia hata mbuzi amewaaga, lakini kwa maneno mengine.

Kazini nikaiunganisha waya ya king'ora kwenye sanduku. Ile swichi ya Mzee Kasimu, ambayo umeme wa king'ora bado unapitia, nikaiacha mpini juu, nikaizungushia utepe mweusi, nikabandika karatasi kwa mkono wangu: MARUFUKU KUGUSA. Yeye amesimama pembeni ananitazama, mikono nyuma.

Saa moja kamili asubuhi, king'ora kikalia. Mlio mmoja, mrefu, safi. Mzee Kasimu akatazama saa yake.

"Limepatia," akasema.

Neno moja tu, na nikaona limemuuma. Mimi nikazunguka kiwandani nikipokea pongezi. Kumbe Jumamosi na Jumatatu zote watu huingia saa moja. Sanduku lilikuwa linanichekea tu.

Saa tano mgeni rasmi akafika. Cheo chake sikiandiki, kisije kikanifuata. Uwanjani pamewekwa turubai, meza kuu, kipaza sauti, wafanyakazi wamepangwa kwa idara. Nyuma ya turubai wapishi wana pilau na mbuzi wawili juu ya makaa. Sanduku nimelifungia katika kasha la wavu wa chuma, kwa kufuli, ili asije mtu akalichezea. Ufunguo wa kufuli ukawekwa juu ya sahani yenye pamba, akakabidhiwa mgeni rasmi. Akautia mfukoni, nami nikamwambia sanduku halisahau. Watu wakapiga makofi. (Wazo la sahani na pamba lilikuwa langu.)

Kisha Mzee Kasimu akaitwa mbele kuagwa. Baada ya miaka yote ile akapewa jembe jipya na blanketi. Akashukuru kwa adabu, akarudi kukaa amepakata jembe. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Meneja akashika kipaza sauti. "Ndugu wafanyakazi," akasema, "kuanzia leo king'ora hakina mjomba wala shangazi. Mashine ikisema, imesema. Sitaki kumsikia mtu anabishana nayo. Saa sita kamili mtaisikia yenyewe, bila mkono wa mtu."

Tukangoja. Mkono wa saa ya Mzee Kasimu ukafika saa sita. King'ora kikalia.

Makofi, vigelegele. Mgeni akanipungia mkono. Nikasimama nikainama kidogo, kama nilivyojizoeza nyumbani.

King'ora kikalia mara ya pili.

Nikasema moyoni, labda mwangwi.

Kikalia mara ya tatu.

Ndugu zangu, mitatu. Wafanyakazi walitazamana, wakamtazama meneja, halafu idara ya kufunga marobota ikageuka ikaanza kutembea kuelekea getini. Idara ya mizani ikafuata. Meneja akapiga kelele, "Mnakwenda wapi?" Mmoja akamjibu kwa upole kabisa, kofia mkononi, "Milio mitatu, Ndugu Meneja. Na umesema tusibishane nayo." Dakika tano baadaye uwanja ulikuwa mtupu. Baiskeli ya mwisho ilimpita mgeni rasmi ikipiga kengele.

Mnadhani mgeni alikaa chini? Alikuwa na hotuba yake, kurasa tisa, imeshachapwa. Akavaa miwani, akaanza. "Ndugu wafanyakazi." Mbele yake kuna wacheza ngoma, wapishi, na kikosi cha zimamoto cha kiwanda ambao kwa kanuni huondoka wa mwisho. Mkuu wa kikosi anaitwa Maganga. Maganga hajacheka tangu nimfahamu, na pampu yake huipiga deki kila siku.

Mimi nikakimbilia kwenye kasha. Tarehe ni sahihi. Saa ni sahihi. Kuna taa ndogo inayoonyesha anwani inayosomwa. Inasomwa sifuri.

Leokadia akaja nyuma yangu, anahema. "Masanja, leo linasoma chumba gani?"

"Sifuri."

"Na sifuri uliweka siku gani?"

Nikashika wavu. Nilikuwa nimeshaelewa. Waliotengeneza sanduku, kwao juma linaanza Jumatatu, siku ya kazi, kama la meneja. Hawajui mosi wala pili. Mimi nimewapelekea Jumamosi yetu katika Jumatatu yao, na sanduku, kwa utii wake wote, linaendesha Jumamosi. Kesho, Jumanne, litadhani Jumapili na kunyamaza kutwa. Nikaanza kuhesabu kwa vidole kilichobaki katika Jumamosi. Saa moja, tayari. Saa sita, tayari. Saa sita na nusu.

Vidole vikaniganda. Saa ilikuwa sita na dakika ishirini na tano.

Najua mtauliza kwa nini sikuzima umeme wa kiwanda palepale. Kipaza sauti kilikuwa kwenye umeme huohuo, na mkubwa alikuwa ukurasa wa nne. Nani amkatie mkubwa maneno? Nyinyi mngethubutu? Nikaona bora ufunguo. Nikapita nyuma ya viti nimeinama, nikafika kwenye sikio la meneja.

"Ndugu Meneja, naomba ufunguo wa kasha."

"Anao mgeni."

"Naomba umwombe."

"Anasoma, huoni? Umeshaniondolea watu, sasa unataka nini tena?"

"Zimebaki dakika mbili."

"Za nini?"

Nikaona nimwendee mgeni mwenyewe. Nikapanda jukwaani, nikasimama ubavuni mwake, nikasema, "Shikamoo. Naomba mkono uingie mfukoni." Nilitaka kusema auingize mkono wake mfukoni anipe ufunguo. Ilivyotoka ilitoka hivyo, na kwenye kipaza sauti. Mgeni akaushika mfuko wake, akarudi nyuma hatua moja.

Hapo king'ora kikapanda.

Kikapanda, kikashuka, kikapanda. Maganga aliruka kama aliyechomwa. Siku ya Jumamosi anajua ni majaribio, hukaa anakunywa maji yake. Lakini leo ni Jumatatu, na mtu wa kwanza duniani kujua leo ni Jumatatu ni Maganga. Akatazama huku, akatazama huku, akitafuta moshi. Na moshi ulikuwepo. Ulikuwa unapanda mzito, mweupe, nyuma ya turubai la mgeni rasmi, pale mafuta ya mbuzi yalipokuwa yakidondokea makaa.

"Moto uko meza kuu," Maganga akasema. Hakupiga kelele. Akageuza mpira.

Wale mbuzi walikufa mara ya pili. Pilau lilielea, likahama sufuria. Maji yalipita chini ya turubai, juu ya turubai, kisha turubai lenyewe likainama kwa heshima na kummwagia mgeni rasmi yote liliyokuwa limekinga. Kurasa tisa zikagandamana mkononi mwake zikawa moja. Meneja alikuwa anapunga mikono, "Acha, Maganga, acha," na Maganga, kwa sababu ya king'ora, akaelewa "hapa, Maganga, hapa."

Nikakimbia nikazima umeme wa kiwanda kizima.

Kimya. Maganga akafunga maji. Matone tu yanadondoka.

Mgeni rasmi akafuta miwani kwa tai. Kwa kweli ni mtu mzima, alijikaza. Akasema anataka kusema neno moja la kumalizia, atengenezewe kipaza sauti. Meneja akanitazama. "Washa."

"Ndugu Meneja, sijui kama..."

"Umeshazima, si kimekufa? Washa."

Na mimi, wenzangu, kwa sekunde ile niliamini. Nilisema moyoni, umeme umekatika, limeshasahau. Mimi, niliyeimba wiki nzima kwamba halisahau. Nikawasha.

Lilikuwa limebakiza dakika tatu za mlio wake, na lilizikumbuka zote. Maganga naye alikuwa bado ameshika mpira.

Katikati ya mafuriko ya pili nilisikia sauti ya mgeni rasmi kwenye kipaza sauti, taratibu kabisa. "Kijana, si ulisema halisahau?"

Nikakimbilia tena kuzima, nikateleza kwenye pilau, nikaanguka. Nikiwa pale chini, nikiinuka kwa magoti, nilimwona Mzee Kasimu. Ameweka jembe lake chini, anatembea kuelekea kwenye nguzo bila haraka. Akabandua karatasi yangu ya MARUFUKU KUGUSA, akaikunja, akaitia mfukoni. Akafungua utepe mweusi, mzunguko mmoja mmoja. Akashusha mpini.

King'ora kikashuka, kikafa. Sanduku likabaki linawaka taa zake nyekundu ndani ya kasha, linaamuru, na hakuna anayelisikia. Wapishi ndio walioanza kupiga makofi, halafu wacheza ngoma, halafu, sina uhakika, lakini nadhani hata mgeni rasmi.

Mgeni alitoa ufunguo mfukoni. Mimi nikanyoosha mkono. Alinipita. Akampa Mzee Kasimu, akamwuliza, "Mzee, unaweza kuendelea?" Mzee akasema anaweza, kama afya ipo. Meneja akasema haraka sana kwamba hilo ndilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Nyumba namba nne haikutajwa. Nilisubiri itajwe, ikawa hivyo hivyo mpaka gari la mgeni likaondoka.

Nilibaki kukusanya nyaya. Mzee Kasimu akaja, blanketi begani. Nilitaka kuomba radhi, kwa kicheko cha Jumamosi, kwa utepe, kwa kutokuuliza anakwenda wapi. Nikaanza, "Mzee, ile siku uliyoniuliza..." Hakuniacha nimalize. Alisema, "Ulipatia sifuri, mwanangu. Hiyo mimi nisingeiweza." Na alimaanisha, hakunikejeli, ndiyo maana macho yalinijaa. Kisha akanipa lile jembe. "Hili chukua. Mimi nimerudi kazini, wewe sijui."

Nimefika nyumbani jembe begani. Mama Kulwa amekaa juu ya mkokoteni, ameegemea sufuria. Hakuuliza. Habari ilishatangulia, king'ora kinasikika mjini kote, na Maganga anaishi mtaa wa pili. Alinitazama kuanzia nywele zenye wali hadi viatu.

"Tuzifungue?" akauliza.

"Zifungue."

Akafungua kanga, akatoa sufuria ndogo, akabandika chai. Kulwa alikuwa anakohoa, na upande wa pili wa debe mbuzi akamjibu. Mama Kulwa akasema, "Kesho unakwenda kumwambia meneja kuhusu huyu mtoto. Hata bila sanduku. Unakwenda kumwambia." Nikasema nitakwenda. Na nitakwenda kweli, nikiwa na wali au bila wali.

Meneja ameshanipangia kazi: mwezi mzima niwe msaidizi wa Mzee Kasimu, nishike saa wakati yeye anashika mpini. Sanduku nitalirekebisha, nihamishe kila siku chumba chake. Safari hii nitaanza kwa kuuliza.

Sasa nawaomba, ndugu zangu, msicheke. Kama hamuwezi kujizuia, basi ngojeni mcheke siku ya kwanza ya juma, na kabla hamjaanza mniandikie ni ipi.

Wenu asiyekuwa tena Profesa,
Masanja